Bwana Nukta na Mijusi wa Korido

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi, shikamoo.

Kabla hujaanza kulalamika kwamba nimekaa kimya, soma mpaka mwisho ndipo ulalamike. Najua simu ipo. Lakini wewe kwenye simu unapiga kelele kama mtu anayekimbiza basi, cherehani inanguruma nyuma yako, na mimi naambulia "eeh" na "haya" tu. Barua utaisoma mara mbili, na mara ya pili utakuwa umeshanisamehe.

Habari ni hii. Mkataba wangu hapa chuoni unaisha mwezi wa saba. Mkuu wa idara aliniita ofisini akanikaribisha chai, na huyu bwana akikukaribisha chai ujue kuna jambo. Akaniambia kazi ya kudumu ipo, nafasi moja, na angependa iwe yangu. Ila lazima kwanza nitoe makala kwenye jarida la kimataifa. Nikamuuliza, "Na ile ripoti yangu ya mijusi je?" Ile ya Kiswahili, uliyoifunika kwa karatasi ya zawadi ukaiweka kabatini. Akanitazama kwa huruma. "Ile ni nzuri sana," akasema, "lakini haihesabiki. Dunia haiwezi kuisoma."

Basi nimekaa chini naiandika kwa Kiingereza. Unawakumbuka mijusi wangu wa korido ya idara, wale niliowatia doa la rangi ya kucha mgongoni ili nisiwachanganye? Kila mmoja ana taa yake anayowindia. Taa ikizimwa wanahama wote kufuata wadudu kwenye taa nyingine, isipokuwa yule niliyempa jina Mama Mkwe. Mama Mkwe habanduki. Ndani ya kioo cha taa mmejaa mizoga ya wadudu, sisimizi wanakuja kuibeba, naye anawadaka mmoja mmoja kama mtu anayetafuna karanga mbele ya televisheni. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo, Shangazi. Ni langu.

Naandika kwanza kwa Kiswahili ili nijue ninasema nini, halafu nahamisha. Huko kuhamisha ndiko kunakonitoa jasho. Niombee.

Mwanao,
Kiroboto


Jumanne, 12 Machi

Kiroboto wangu,

Marahaba. Nimesoma mara mbili na sijakusamehe.

Sasa nisikilize. Kuhusu hiyo kazi ya kudumu, wateja wangu nimeshawaambia umeipata. Usinikasirikie! Mama muuza maziwa aliniuliza habari zako nikiwa na pini mdomoni, na mtu mwenye pini mdomoni hawezi kueleza mambo marefu. Nikasema "kapata." Kwa hiyo itabidi uipate. Gauni la siku hiyo nimeshalikata, rangi ya zambarau, na usiniambie umenenepa.

Huyo mkuu wako anasema dunia haiwezi kusoma ripoti yako. Dunia ipi? Mimi nimeisoma. Mama wa maziwa ameiazima, akairudisha na alama ya kikombe kwenye jalada. Sasa sisi tunaishi wapi?

Ila kuhusu mijusi, msimamo wangu ni ule ule. Hapa dukani wakijitokeza ni ufagio tu. Yule wa juu ya meza ya kukatia nimemkosa mara mbili wiki hii. Mwambie Mama Mkwe wako asije huku.

Kazi ikishindikana, cherehani ya pili ipo, nimeifunika tu.

Shangazi yako


Alhamisi, 11 Aprili

Shangazi mpenzi, shikamoo.

Cherehani ya pili! Umesahau ile suruali niliyomshonea Baba, mguu mmoja mrefu mpaka akawa anaukunja akienda kazini? Hapana. Bora mijusi.

Makala niliituma, na majibu yamekuja. Ngoja nikueleze utaratibu wao. Mhariri haamui peke yake. Anaipeleka makala kwa mtaalamu mmoja aichambue, na majina yanafichwa: yeye hajui mimi ni nani, nami sijui yeye ni nani. Tunaandikiana kupitia kwa mhariri kama watu wanaogombana na ukuta katikati. Mtaalamu akiridhika, inachapishwa. Asiporidhika, kwaheri.

Wangu hajaridhika. Ameniandikia kurasa sita. Kila sentensi yangu ameibandika namba na swali, hakubakiza hata nukta. Nimempa jina: Bwana Nukta. Namwona kabisa alivyo. Mzee mrefu, mkavu, anavaa tai hata akiwa peke yake nyumbani, na Kiingereza alikinyonya pamoja na maziwa. Anataka makala yangu ipitiwe na "mzungumzaji wa tangu kuzaliwa." Kana kwamba mimi nilizaliwa bubu!

Ubaya ni kwamba ana haki ya kutonielewa. Mama Mkwe, kwa Kiingereza, ilibidi nimwite Mnyama wa Tatu. Halafu ile habari ya kutobanduka nikaiandika kwa maneno makubwa makubwa ambayo ukiyarudisha kwa Kiswahili yanasema hivi: "Mnyama wa Tatu alidhihirisha ukaliaji wa mabaki." Unacheka? Bwana Nukta hakucheka. Ameuliza: "Je, Mnyama wa Tatu ni mgonjwa? Je, alikufa?" Mama Mkwe, afe! Yule atatuzika wote.

Na ile sehemu ya kitambaa nimeiondoa kabisa. Unaikumbuka, nilipopanda ngazi na kitambaa cha kufutia vumbi nikafuta kioo cha taa? Kwa Kiswahili inaeleweka. Kwa Kiingereza ilionekana kama taarifa ya zamu ya usafi, nikaona aibu.

Naanza upya. Mkuu wa idara ananipita koridoni ananiuliza kwa nyusi tu, nami namjibu kwa nyusi.

Kiroboto


Ijumaa, 19 Aprili

Kiroboto,

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma dukani kwa sauti, samahani, walikuwa wameshakaa. Siku hizi watu wanakuja kupunguza kiuno cha sketi isiyohitaji kupunguzwa, ili wajue Bwana Nukta kasema nini.

Nina swali moja. Huyo bwana ana mke?

Usinune. Mwanamume anayekaa chini kukuandikia kurasa sita kuhusu mijusi, na jina lako halijui, huyo ni mpweke au ana jambo. Marehemu mjomba wako hakuwahi kuniandikia kuzidi nusu ukurasa. Mama wa maziwa anasema umjibu kwa upole. Fundi viatu wa mlango wa pili anasema umjibu kwa ukali, wanaume wa tai wanapenda hivyo. Mimi nasema umuulize ana umri gani, kwa ujanja tu, katikati ya mambo ya mijusi.

Gauni limefika kwenye mikono. Nakutakia nguvu.

Shangazi


Jumatatu, 20 Mei

Shangazi,

Nimekwisha. Nimekwisha kabisa, wala usiwasomee watu barua hii.

Unajua nina mafaili mawili, moja la Kiswahili na moja la Kiingereza. Yote nimeyapa jina moja, "Mijusi ya Mwisho Kabisa", kwa sababu ya uchovu na ujinga. Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma marekebisho. Mwanafunzi anagonga mlango, umeme unacheza, nikabonyeza, nikatuma, nikaenda kula kwa furaha.

Leo asubuhi nimefungua kuangalia. Nimetuma ya Kiswahili!

Ingekuwa Kiswahili tu ningemeza aibu yangu nikaomba radhi. Lakini ile ya Kiswahili ndimo ninamopiga gumzo na nafsi yangu. Pembeni nimejaza maneno yangu mwenyewe. "Hapa Bwana Nukta atanuna." "Hapa tai itambana." Na ukurasa wa nne, Mungu wangu, nimeandika: "Mzee huyu hajawahi kuinua macho akaona dari." Yote yamekwenda.

Nimemwandikia mhariri anirudishie. Amejibu kwa adabu kwamba alikwisha kumpelekea mchambuzi faili bila kulifungua, na muda wa kutuma tena umefungwa, hivyo tusubiri. Tusubiri nini? Mkataba wangu umebakiza mwezi na kidogo. Mkuu wa idara sijamwambia. Napita mlango wa nyuma kama mwizi.

Ifunue ile cherehani.

K.


Jumamosi, 25 Mei

Mwanangu,

Acha kulia, unaharibu karatasi, nimeona pale wino ulipovuja.

Tufikiri. Huyo bwana Kiswahili anakijua? Hakijui. Basi hajui kama umemtukana! Atafungua, ataona maandishi asiyoyaelewa, atasema mashine imeharibika, ataomba utume tena. Wewe utatuma. Ugumu uko wapi?

Sijawasomea. Nimewaambia tu kwa mdomo.

Cherehani sijaifunua. Gauni limebaki pindo, na pindo nashona siku ukiniambia. Kula vizuri.

Shangazi


Jumanne, 28 Mei

Kwa Mwenye Mijusi,

Nimemwomba mhariri akupe barua hii kama ilivyo, naye amekubali, labda kwa sababu hawezi kusoma hata neno moja.

Kwanza tumalize la ugomvi. Umeandika ukurasa wa nne kwamba sijawahi kuinua macho nikaona dari. Mwenzangu, dari nimeiona. Nimekulia chini ya dari yenye mijusi wengi kuliko watu, na mmoja aliwahi kunidondokea kwenye kikombe cha maziwa, dada yangu akaniambia nimtoe ninywe, asubuhi inakwenda. Pili, mimi si Bwana. Ni bibi wa wajukuu watatu, mfupi, mnene kiasi, na tai sina hata moja.

Nilipofungua faili lako nilidhani kompyuta imeharibika. Nikasoma mstari wa kwanza. Nikainuka, nikafunga mlango wa ofisi, nikarudi nikausoma tena kwa sauti. Katika miaka yangu yote ya kazi hii nimesoma makala nisizoweza kuzihesabu, na hakuna hata moja iliyowahi kuja kwa lugha niliyoitumia kugombania godoro na dada yangu utotoni. Sikujua kwamba nilikuwa naisubiri. Pale kwa Mama Mkwe na karanga zake nilicheka mpaka jirani wa ofisi akagonga kuuliza kama niko salama. Nikamwambia niko nyumbani. Hakunielewa, akaniletea maji.

Sasa nikuambie upande wangu. Kile Kiingereza chako cha kwanza kilinitisha. Nikasema huyu lazima ni profesa mkubwa, mzee wa huko lugha yenyewe ilikozaliwa, hana mchezo. Nikajikaza. Maoni yangu yote niliyapeleka kwanza kwa jirani huyo huyo ayanyooshe, nisije nikaonekana mshamba. Ule ukali ni wake. Mimi nilitaka tu kujua, mjusi mzima? Na ile ya kutafuta mzungumzaji wa tangu kuzaliwa, nimeandikiwa mimi mara nyingi mno mpaka nikadhani ni sehemu ya salamu.

Umenielewa? Wewe na kamusi yako, mimi na kamusi yangu, tumekaa miezi tunaogopana.

Sasa kazi. Kwenye Kiingereza chako kulikuwa na shimo ambalo lingenilazimu kuikataa makala, nasema kweli. Nilijiuliza utajuaje kwamba mjusi huyo anafuata sisimizi, na si joto la taa lililobaki. Hukuwa na jibu. Na leo, kwenye Kiswahili, ukurasa wa sita, naona umepanda ngazi na kitambaa cha kufutia vumbi! Umefuta kioo, mizoga imeisha, sisimizi wameacha kuja, na Mama Mkwe amehama jioni iliyofuata "akiwa amenuna." Jamani! Jibu ulikuwa nalo tangu mwanzo! Ulilificha wapi? Kitambaa hicho ndicho makala yote. Bila hicho una hadithi, na ukiwa nacho una ugunduzi.

Nimemwambia mhariri waziwazi kilichotokea, na kwamba lugha hii ni yangu. Nimempa maoni yangu: ichapishwe. Lakini rudisha kitambaa. Rudisha Mama Mkwe kwa jina lake. Andika Kiingereza kifupi, kama unavyomwagiza mtu sokoni, usijaribu kumvalisha mjusi suti. Na nimeomba maandishi yako ya Kiswahili yachapwe bega kwa bega na ya Kiingereza. Yale ya pembeni uyafute. Nakala yangu siifuti, hiyo ni mali yangu.

Ni mimi,
Yule wa Nukta


Ijumaa, 31 Mei

Bibi, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nyingi, na kila nikifika kwenye "shikamoo" nacheka peke yangu. Shikamoo kwa mchambuzi wa jarida!

Nisamehe la dari, la tai, na la kununa. Kulikuwa na la ukurasa wa tisa pia, kama umelifikia, nisamehe na hilo.

Kitambaa nilikiondoa kwa aibu, Bibi, si kwa sababu nyingine. Nilijiona nimesimama mbele ya watu wakubwa na tambara mkononi. Nilitafuta jina la kisomi la tambara, nikalikosa, nikaona bora nisiseme. Sikujua kwamba nimeondoa moyo wa makala nikabakiza kucha. Nimekaa nayo siku tatu sasa. Nimeandika: nilipanda ngazi, nilifuta kioo kwa kitambaa, sisimizi hawakuja, mjusi alihama. Kiingereza cha mtoto wa shule. Nimekisoma tena na nimeona kwamba nakielewa.

Nina furaha mpaka siwezi kukaa. Jioni hii nimemsomea Mama Mkwe barua yako koridoni. Alikuwa anakula.

Shangazi yangu anauliza kama una mke. Nitamweleza mwenyewe.

Mjukuu wako wa mijusi,
Kiroboto


Jumatano, 3 Julai

Shangazi, shona pindo!

Nimepata! Nimepata nimepata nimepata. Barua ya kazi iko mbele yangu, ina muhuri, nimeinusa.

Mhariri alikubali yote mawili, Kiingereza kushoto na Kiswahili kulia, na Mama Mkwe yumo kwa jina lake. Niliipeleka kwa mkuu wa idara. Akaanza upande wa Kiingereza, akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha jicho likahamia kulia. Shangazi, yule bwana alisoma amesimama, chai ikapoa, na alipofika kwenye karanga akacheka mpaka karani akachungulia. Akaniuliza, "Kumbe ndiyo hii uliyokuwa ukiniambia?" Nikasema ndiyo, Mzee, ndiyo hiyo hiyo. Akaketi. Kisha akasema ile ripoti yangu ya zamani nimletee, hajawahi kuifungua.

Hajawahi kuifungua, Shangazi! Na mimi sikukasirika hata kidogo, nilikuwa na furaha mno. Naomba uniazime ya kabatini, pamoja na alama ya kikombe.

Bwana Nukta hana mke. Ni bibi. Nakuwekea nakala ya barua yake, wasomee wote.

Kiroboto wako


Jumatano, 10 Julai

Mwanangu,

Nimepiga kelele mpaka fundi viatu akaja na nyundo akidhani ni wezi. Kisha nikalia, nikakaa juu ya gauni lako, nikachomwa na pini. Pindo limekwisha. Linakuja na basi pamoja na ripoti, usilipige pasi yenye moto mkali.

Barua ya huyo bibi nimeisoma dukani mara tatu kwa maombi ya watu. Mama wa maziwa anasema alijua tangu mwanzo ni mwanamke, mwongo mkubwa. Mimi nimesikitika kidogo kumpoteza mchumba, lakini mwambie bibi huyo ana ndugu huku, akija nitamshonea, na vipimo asinifiche.

Kurasa zako nazo zimefika. Ule upande wa kushoto nimeuangalia tu, unapendeza. Ule wa kulia nimeusoma wote peke yangu, neno kwa neno, hakuna aliyenifafanulia. Nilikuwa najua unafanya kazi kubwa, Kiroboto. Sasa najua ni kazi gani.

Halafu jana taa ya juu ya meza ya kukatia iliungua. Fundi umeme akaja na ngazi na taa mpya. Nikamwambia ashuke kwanza, anywe chai, asubiri. Mimi na wateja tukakaa tunaangalia dari. Mijusi wawili wakahamia kwenye taa ya mlangoni. Mmoja akabaki, yule niliyemkosa na ufagio.

Baada ya muda sisimizi wakaanza kuja.

Fundi umeme nimemwambia arudi wiki ijayo.

Shangazi yako